Kiatu cha Kutia Ukutani

Kreee.

Sauti ilitoka ng'ambo ya ujia, gizani, hata jogoo hajajiuliza kama kutakucha. Ulikuwa ni ule mkono wa chuma wa mekoni kwa Dorcas, unaozungushwa kuleta birika juu ya moto. Hester aliisikia akiwa kitandani, kama alivyoisikia kila alfajiri kwa miaka sita, nayo ikamwingia polepole kama msumari katika ubao laini.

"Mke wa kaka yako keshaamka," alimwambia mumewe.

"Basi na sisi tuamke," alijibu Wilf, macho bado yamefumba.

"Yeye ana cha kuamkia."

Wilf alikuwa amejifunza, na somo hilo lilimchukua miaka miwili ya kwanza ya ndoa, kwamba maneno mengine ya mkewe hayatafuti jibu. Alipapasa chini akitafuta soksi.

Nyumba ilikuwa moja. Ilikuwa ndefu, ya mawe matupu, imejibanza ubavuni mwa mlima kama kondoo anayeupa upepo mgongo. Wazee walioijenga walikuwa na akili zao: watu wakae upande wa juu, ng'ombe upande wa chini, na katikati upite ujia mwembamba kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Joto la ng'ombe liwafae watu, na mkojo wa ng'ombe ushuke na mteremko wende zake. Ng'ombe walikuja kujengewa banda lao enzi za babu yake Wilf. Zizi likafagiliwa, likapakwa chokaa, likawekwa jiko dogo la chuma. Miaka ikapita, Hester akaletwa humo akiwa bibi harusi.

Sakafu hawakuisawazisha. Mpaka leo iliinama kutoka ujiani kwenda ukuta wa mwisho, vile vile ilivyoinamishwa kwa ajili ya ng'ombe. Maji yakimwagika, yalijua njia. Kiazi kikikuponyoka, usihangaike kukikimbiza, utakikuta chini ukutani kinakusubiri. Miguu ya meza Wilf aliikata kwa vipimo tofauti ili supu isilale upande mmoja wa bakuli. Na dirisha, lile moja walilokuwa nalo, zamani lilikuwa tundu la kutupia samadi.

Upande wa juu alikaa Ruben, kaka mkubwa, na mkewe Dorcas, na Mama Tamar, mama mkwe wa Dorcas na Hester. Dirisha la huko lilikuwa na milango mitano ya kioo, imegawanywa kwa vijiguzo vya mawe vilivyochongwa, na jua la asubuhi lilipita katika yote mitano likalala sakafuni vipande vipande. Meko yenyewe ilikuwa chumba ndani ya chumba. Mtu aliweza kuingia, akaketi kwenye benchi la jiwe pembeni ya moto, akiinua kichwa anaona anga juu ya dohani. Na juu ya mlango wa mbele kulikuwa na jiwe lenye mwaka 1671 na herufi tatu za mume na mke walioijenga, mbili za majina yao na moja ya ukoo. Chini yake Ruben, alipooa, alichonga R na D.

Hester alipopita mlangoni pale hakuangalia juu. Lakini alijua D ilikuwa imepinda kidogo, na kupinda huko kulimfariji.

Vyote hivyo angevimeza. Nyumba ni za kaka wakubwa, ndivyo lilivyo bonde zima, hata kondoo wanajua. Kilichomkaba kilikuwa kingine, nacho kilikuwa na miaka mitano na nywele rangi ya nyasi kavu.

Grrrrrr… tak.

Hiyo ilikuwa gololi ya Nell, binti yake. Mtoto alilala nayo mkononi, akiamka inamponyoka, inabingirika juu ya mawe ya sakafu mpaka ukuta wa mwisho. Kisha miguu midogo ikifuata, kisha viatu vya mbao vyenye vyuma chini, kwa-kwa-kwa-kwa, mlango unafunguliwa, ujia unavukwa, mlango wa pili unafunguliwa. Asubuhi zote za Mungu. Akirudi ananuka moshi mzuri wa mboji, udongo mkavu wanaouchomea moto huko, na ana siagi mdomoni.

"Umekula nini huko?"

"Mkate wa Mama Mkubwa. Nimekaa ndani ya moto."

"Huwezi kukaa ndani ya moto."

"Kwa Mama Mkubwa unaweza."

Ungesema nini hapo? Hester alimfuta siagi kwa kona ya aproni, akamfuta kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Dorcas alikuwa na dirisha la milango mitano, meko ya kuingia mtu, na herufi yake juu ya mlango. Mtoto hakuwa naye. Na kwa miaka mitano sasa alikuwa akimchukua wa mwenzie, kipande baada ya kipande, kwa mkate na siagi. Tena alisema "mtoto wetu". Alilisema mbele za watu, kanisani, kama jambo la kawaida.

Februari ile ilikuja baridi iliyopasua ndoo. Usiku wa tatu ikapasua na meko. Jiwe refu lililosimama upande wa kushoto wa moto, lile lililobeba boriti na mzigo wote wa dohani, liligawanyika toka juu hadi chini, mlio kama wa bunduki. Asubuhi Ruben aliuzima moto kwa mchanga. Mama Tamar aliketi kwenye kiti chake cha mgongo mrefu, shali mbili mabegani, akaitazama meko iliyokufa.

"Miaka sabini na nne nimeishi," alisema, "sijawahi kuliona tumbo lake likiwa jeusi na baridi hivi. Ni kama kumkuta kasisi yuko uchi."

Walimwita Mzee Harker, mwashi, ambaye babu zake walijenga nusu ya kuta za bonde lile na yeye alitumia maisha yake kuzizuia zisianguke. Aliweka magogo ya kushikilia boriti, akaanza kutoa mawe moja moja. Kuta zile ni ngozi mbili za mawe na kifusi katikati, unene wake mkono mzima mpaka begani. Siku ya pili aliingiza mkono kwenye kifusi, akautoa taratibu, akavua kofia.

Mkononi mwake mlikuwa na kiatu. Kidogo, cha mtoto, cha mguu wa kushoto, kimekauka kikawa kigumu kama maganda.

"Nilijua nitamkuta," alisema Mzee Harker. "Dohani ni mlango pekee wa nyumba usiofungika, bibie. Ndiyo maana huwekwa mtoto, kwa kiatu chake, aulinde mabaya yasiingie. Sasa nimemwamsha. Atarudi alipokuwa, lakini harudi peke yake. Mnipe na kingine. Kiwe cha mtoto wa nyumba hii, na kiwe kimevaliwa. Mguu uwe umeacha umbo lake humo."

Dorcas alikuwa amesimama na sahani mkononi. Akaiweka sahani, akavuka ujia, akagonga mlango wa Hester, yeye ambaye hakuwa mtu wa kugonga.

"Hester, samahani. Fundi anataka kiatu cha Nell. Kile alichoanzia kutembea, kama bado unacho."

"Cha nini?"

Dorcas alieleza. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, na maneno yale machache aliyasema akitazama mikono yake.

Akikaa mtoto wangu ukutani kwako, atakuwa wa nani? Hilo ndilo lililomjia Hester. Kwa maana katika bonde lile walisema, na hata waliocheka walikuwa wakilisema, kwamba mtoto mwenye kiatu chake kwenye dohani ni mtoto wa moto ule, popote atakapokwenda ataurudia. Dirisha amepata, meko amepata, jina limechongwa. Sasa anataka na mguu.

"Nitakitafuta," alisema Hester.

Hakuwa na haja ya kukitafuta. Kilikuwa juu ya kabati, ndani ya kopo la chai, kimefungwa kwa kitambaa: cheusi, cha mkanda na kifungo, kimevimba pale dole gumba la Nell lilipokuwa likisukuma kuelekea ndani. Hester alilifungua kopo, akatia kidole ndani ya kiatu, akagusa kishimo cha kisigino. Akafunga.

Katika fuko la nguo kuukuu alilopewa na akina mama wa kanisa kulikuwa na viatu vya mtoto fulani wa kijiji cha chini, asiyejulikana jina. Viliwahi kuvaliwa mara moja au mbili, havikufaa, vikatolewa. Vilikuwa vyeusi, vya mkanda, saizi ile ile. Akachukua cha kushoto. Akakipaka masizi, akakisugua na mchanga, akakikunja na kukikunjua juu ya goti mpaka ngozi ikafanya mikunjo. Alipomaliza kilifanana sana na cha Nell. Jioni alikipeleka ng'ambo, na Dorcas akakipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, Hester. Najua si kitu kidogo."

"Ni kiatu tu."

Nell alikuwa ameona. Watoto wa miaka mitano hawaoni matope mbele yao lakini haya huyaona.

"Mama, kile si changu. Changu kiko kwenye kopo."

"Njoo hapa." Hester alichuchumaa, akamshika mabega. "Fundi akikuuliza kama kiatu ni chako, unasema ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mama amesema. Unasema nini?"

"Ndiyo."

"Haya. Nenda kacheze."

Kazi ya Mzee Harker ilichukua siku tisa, kwa kuwa jiwe jipya lilipaswa kuchongwa na kutelezeshwa juu ya gari la mti lisilo na magurudumu kutoka machimboni. Siku zote tisa upande wa juu haukuwa na moto, na Dorcas ilibidi apike kwenye jiko dogo la Hester. Wanawake wawili, jiko moja, sakafu inayoteremka. Mama Tamar naye alihamishiwa huko na kiti chake, na kiti kikatiwa kabari chini ya miguu miwili.

"Hapa ndipo alipokuwa akisimama Buttercup," alisema akitazama huku na huku. "Ng'ombe mzuri sana. Alikufa kwa uvivu."

"Mama, kunywa chai," alisema Hester.

"Nakunywa. Ila inanitazama kwa pembeni."

Dorcas alicheka, na Hester akagundua kwamba hakuwahi kumsikia akicheka hivyo, kwa pua, kama msichana wa shule. Hakupenda kumsikia. Ni kazi ngumu kumchukia mtu anayecheka kwa pua katika jiko lako. Dorcas alivunja yai, likateleza sakafuni, akalikimbiza. Aliweka karoti chini, karoti ikaondoka. Siku ya kwanza alimwaga maziwa, akasimama akiyatazama yanavyokimbilia ukutani, mdomo wazi.

"Unaishije na hii?" aliuliza.

"Unazoea," alisema Hester. "Weka kila kitu kikitazama juu."

Na Nell, kwa siku zote hizo, hakuwa na sababu ya kuvuka ujia. Hester alimtazama akikaa katikati yao wote, akila mkate wa Dorcas uliookwa katika jiko la mama yake, na hakujua amhesabie nani kipande kile.

Lakini kuna jambo moja hakulitarajia. Asubuhi zile alikuwa akichelewa kuamka. Hapakuwa na kreee. Alfajiri ilimpita kimya, na aliposhtuka kulikuwa kumekucha, na Wilf ameshatoka kwa kondoo bila chai. Miaka sita alikuwa ameilaani sauti ile, na kumbe ndiyo iliyokuwa ikimwamsha.

Asubuhi ya siku ya tisa aliamka mwenyewe, gizani. Dorcas alikuwa tayari jikoni, amewasha mshumaa, amesimama mbele ya birika linalochemka. Hamimini. Amesimama tu na buli mkononi, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.

"Limeshachemka," alisema Hester mlangoni.

"Najua."

"Mbona humimini?"

Dorcas aliinua kidole. Kutoka kwenye kitanda kidogo kando ya ukuta wa ujiani ikasikika grrrrrr, ikapita kati ya miguu yao, tak. Ndipo Dorcas akamimina.

"Ni hiyo," alisema, na uso wake kwenye mwanga wa mshumaa ulikuwa umeiva kwa haya. "Mwanzoni nilidhani ni panya wanacheza na karanga. Nilimwambia Ruben atege mtego. Kisha nikajua. Sasa siwezi kumimina chai mpaka niisikie. Miaka minne, Hester. Naleta birika juu ya moto, halafu nasubiri. Ikigonga ukuta najua mtoto ameamka, ndipo na kwangu kunakuwa kumekucha." Alifunika buli. "Siku zile alipougua surua, haikulia siku sita. Chai nilikuwa namwaga."

Hester alisimama pale miguu mitupu juu ya mawe ya baridi. Aliikumbuka surua ile. Alikumbuka kila asubuhi alikuta mtungi wa mchuzi wa kondoo mlangoni, akafikiri ni wa Mama Tamar.

"Kile kiatu…" alianza.

"Nimekishonea kifungo," alisema Dorcas haraka. "Kilikuwa kimelegea. Nikaona kisiende ukutani hivyo, akakaa miaka mia mbili kiatu kinamvuka." Alipapasa mfuko wa aproni yake, na Hester akajua kiatu kilikuwa humo, na kwamba kilikuwa humo siku zote zile.

Nell alikuja na gololi yake, akataka maziwa, Wilf akaingia na theluji mabegani, mlango ukafungwa, ukafunguliwa, na nafasi ya kusema kweli ikapita. Hester akapanda juu ya kigoda, akashusha kopo la chai. Alipotoka, kiatu cha kweli kilikuwa katika mfuko wa aproni yake mwenyewe. Hakujua atakifanyia nini.

Saa sita mchana Mzee Harker aliwaita wote. Jiwe jipya lilikuwa limesimama mahali pake, jeupe jeupe kati ya ndugu zake weusi. Tundu moja tu lilikuwa limebaki, kimo cha bega, na pembeni ndoo ya chokaa mbichi. Ruben na Wilf walivua kofia. Mama Tamar aliletwa na kiti chake.

"Fanya haraka, Harker," alisema, "kabla hamjalazimika kunitia mimi."

"Wewe mama huenei," alisema mwashi, na wote wakacheka, isipokuwa wawili.

Aliweka kwanza kiatu cha zamani ndani ya kifusi, kwa uangalifu, kama mtu anayelaza kifaranga. Kisha akanyoosha mkono, na Dorcas akatoa kile kingine mfukoni. Alikuwa amekipiga rangi mpaka kinang'aa. Kifungo kipya kilikuwa cha lulu, na Hester alikitambua: kilitoka kwenye gauni la harusi la Dorcas.

Mzee Harker alikigeuzageuza. Akatia kidole gumba ndani, kwenye kisigino, akakaa nacho muda kidogo. Hester aliona kidole kile kikitafuta kishimo ambacho hakikuwapo. Mzee alichuchumaa, magoti yakalia, akakiinua kiatu usawa wa uso wa mtoto.

"Baba yangu alikuwa akiuliza," alisema, "na baba yake aliuliza, na mimi nauliza. Binti mdogo, ukuta haupokei cha kuazima. Hiki ni kiatu chako?"

Nell alikitazama kiatu. Kisha akageuka, akamtazama mama yake, akisubiri aambiwe kama aseme lile neno alilofundishwa.

Meko ilikuwa baridi. Kutoka juu kwenye dohani mwanga mdogo wa kijivu uliwashukia wote. Hester alimwona Dorcas, mikono yake mitupu imebaki mbele yake, bado imekaa kama iliyobeba kitu. Akaihisi ngozi kuukuu chini ya vidole vyake mfukoni, pale dole gumba la mwanawe liliposukuma na kusukuma likaacha umbo lake. Uso ulimwaka. Alijua kwamba wote wataona alichokifanya, na mama mkwe atakisema mpaka siku atakayokufa, na pengine baada ya hapo.

Akapiga magoti kando ya mtoto.

"Yale niliyokuambia, yaache," alisema. "Sema kweli, mwanangu."

Nell alivuta pumzi, kama anavyovuta kabla ya kuomba sala mbele za watu.

"Hiki si kiatu changu."